Siku Tuliyompaka Bosco Rangi

Nianze kwa kukiri, ndio tusisumbuane baadaye: rangi ilikuwa yangu.

Ilikuwa Aprili, shule zimefungwa, na mimi nimetoroka Nairobi kwenda kukaa nyumbani Kapkatet wiki mbili. Kama hujafika, Kapkatet ni mji mdogo karibu na Litein, kwenye barabara ya Kericho kwenda Sotik. Kuna hospitali, kuna kiwanda cha majani chai, kuna steji ya bodaboda ambapo habari zako zinajulikana kabla hujashuka kwenye matatu, halafu pande zote zilizobaki ni chai. Mkobani nilikuwa na paketi mbili za rangi ya nywele, pinki ile ya kupiga kelele, kwa sababu ncha za dredi zangu zilikuwa zimeanza kupauka. Paketi moja niliitumia. Ya pili niliiacha mezani. Na mbwa wa nyumbani kwetu, Bosco, ni mweupe pe. Watoto wa kaka yangu walipiga hesabu hiyo kabla yangu.

Lakini mambo yalianza asubuhi ya siku hiyo, na yalianza na kuku. Kogo, yaani nyanya yangu, alikuwa na vifaranga kumi na wawili wa wiki moja. Aliketi kwenye kigoda nyuma ya jikoni, pamba mkononi, chupa ya GV kando yake, akawa anawashika mmoja mmoja na kuwapaka mgongoni na kwenye mabawa. GV unaijua, ile dawa ya zambarau uliyopakwa mdomoni ukiwa mdogo ukaenda shule ukifanana na mtu aliyekunywa wino. Alipomaliza, ua mzima ulikuwa kama maua ya jakaranda yaliyoota miguu. Sababu ni mwewe. Mwewe anajua kifaranga anakaa vipi, na kitu cha zambarau kinachokimbia hakimo kwenye orodha yake ya chakula. Si ujanja wa Kogo peke yake; boma nyingi Kenya na Tanzania hupaka vifaranga rangi kwa sababu hiyo hiyo. Kogo anaapa kwamba tangu aanze hajapoteza hata nusu ya aliokuwa akipoteza zamani.

Watoto walikuwa wamesimama hapo wakitazama kila kitu. Msichana ana miaka kumi na miwili, kaka yake tisa. Mchana mvua ikanyesha, ile ya kwetu ambayo inakuja saa nane kama mtu aliyeajiriwa. Ilipoisha nikasikia vicheko nyuma ya jikoni. Nikatoka. Kijana alikuwa amemkumbatia Bosco shingoni, na dada yake, amevaa glavu za plastiki zilizotoka ndani ya paketi yangu, alikuwa anamsugua mgongo. Mbwa alikuwa tayari pinki kutoka mabegani hadi kiunoni.

"Senge, angalia! Tumemfanya kama wewe!"

Nilifanya nini? Nilicheka. Halafu nikatoa simu.

Video ilikuwa ya sekunde arobaini. Kufikia jioni ilikuwa imetazamwa na watu zaidi ya elfu kumi, wengi kuliko waliowahi kusoma kitu chochote nilichoandika, na hilo nalo ni jambo la kufikiria siku nyingine. Chini yake watu walikuwa wameshagawanyika. Kuna wale wa "anakaa fiti kuliko ex wangu". Kuna wale wa "huu ni ukatili, nitakuripoti". Na kuna kundi la tatu, ambalo kwa kweli ndilo kubwa: "Ni mbwa tu jameni. Mmeanza uzungu." Mimi nilikuwa najibu kila mtu kwa kujiamini, nikiwa na hoja moja niliyoiona kali sana: mbwa hata haoni pinki.

Hoja hiyo ni ya kweli. Macho yetu yana aina tatu za chembe za kupokea rangi, ya mbwa yana mbili. Anaona buluu na njano vizuri, lakini nyekundu na kijani kwake zinavurugana na kuwa kitu cha kukaribia kijivu au kahawia. Bosco akijiangalia mgongo, hakuona pinki yangu. Na hata angekuwa na macho ya kuiona, hana habari na sura yake. Kuna jaribio maarufu la kioo, na cha kuchekesha ni kwamba lenyewe ni jaribio la kupaka wanyama rangi. Mwaka 1970 mwanasaikolojia Mmarekani Gordon Gallup aliwapaka sokwe alama nyekundu usoni wakiwa wamelazwa kwa dawa, kisha akawawekea kioo. Sokwe walijigusa pale penye alama. Walijua yule kwenye kioo ni wao. Mbwa hushindwa jaribio hilo. Atakibwekea kioo, atazunguka nyuma yake, kisha ataenda zake kulala.

Kwa hiyo, nikasema, aibu iko wapi? Anayeaibika ni anayejua anachekwa. Bosco hajui kioo, hajui TikTok, hajui pinki ni rangi ya nani.

Nililala nikiwa nimeshinda mjadala.

Asubuhi Kogo aliniambia Bosco hakulala. Usiku kucha alikuwa akijiramba, anapiga chafya, anajiviringisha kwenye nyasi zenye maji kama mtu anayezima moto. Chini ya kwapa na tumboni, pale manyoya ni machache, ngozi ilikuwa imekuwa nyekundu. Ugali na maziwa aliunusa akauacha. Mimi bado nilikuwa na majibu: labda baridi, labda amekula panya. Unajua vile mtu anaweza kuwa na majibu.

Kila siku ya kuchuna, Bosco humfuata Kogo hadi kituo cha kununulia majani. Ni kibanda cha kando ya barabara, watu wanapanga foleni na mizigo yao ya majani, karani anapima, lori la kiwanda linakuja. Bosco huwa analala chini ya mti hadi Kogo amalize. Anajulikana. Watoto humrushia vipande vya mandazi.

Siku hiyo alifika akiwa pinki yenye mabaka, macho mekundu, na mate yanamtoka kwa sababu alikuwa amejiramba rangi usiku kucha. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba mbwa ana kichaa. Sikuwepo, lakini nimesimuliwa na watu watatu na wote walisimulia kwa namna moja: hakuna aliyengoja kuuliza ni mbwa wa nani. Mawe. Mtu mmoja akachukua jembe. Kogo alitupa kikapu chini akawa anapiga kelele na yeye, "Ni wetu! Ni wetu! Ni rangi!" Mwanamke wa miaka sabini na kitu amesimama katikati ya mawe akieleza habari za rangi ya nywele.

Siwezi kuwalaumu wale watu, na hapa naomba tuelewane. Kichaa cha mbwa si hadithi. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya visa vya ugonjwa huo kwa binadamu vinatokana na mbwa, na dalili zikishajitokeza kwa mgonjwa, karibu kila mara ni kifo. Wanaoumwa sana ni watoto, kwa sababu watoto ndio wanaocheza na mbwa. Serikali ya Kenya ilijiwekea mpango wa kuumaliza kati ya 2014 na 2030, na hadi sasa kijijini, mbwa anayetoka mate na kuonekana si wa kawaida anauawa kwanza, maswali baadaye. Wale watu walifanya walichofundishwa na hofu ya haki. Mimi ndiye niliyemvalisha Bosco dalili za ugonjwa na kumtuma barabarani.

Alirudi akichechemea, akaingia chini ya ghala la mahindi, na hakutoka hadi usiku. Kogo aliweka kikapu, akanawa mikono, akaketi. Hakunigombeza. Alisema kwa Kikipsigis, natafsiri nikijua kwamba kwa lugha yake liliuma zaidi: "Vifaranga niliwapaka kwa ajili yao. Mbwa mmempaka kwa ajili ya nani?"

Nimekaa na swali hilo miezi kadhaa sasa.

Mwanzoni nililiona limemaliza mjadala. Kuna kupaka kwa ajili ya mnyama na kupaka kwa ajili yako, basi. Na ukianza kuangalia kwa jicho hilo, dunia inajipanga vizuri sana. Mwaka 2019 watafiti wa Japani walichapisha jaribio ambapo waliwachora ng'ombe weusi mistari myeupe kama ya punda milia. Ng'ombe waliochorwa waliumwa na nzi karibu nusu ya wenzao. Hiyo ni rangi ya kumfaa ng'ombe. Blantyre, Malawi, tangu 2015 shirika la Mission Rabies limekuwa likichanja mbwa kwa maelfu, na aliyechanjwa hupakwa alama ya rangi ili timu inayofuata na majirani wajue huyu amepata sindano. Hiyo nayo inamfaa mbwa. Iliponijia hii nilinyamaza kidogo: rangi ile ile juu ya manyoya, kwingine inasema huyu ni salama msimuogope, na kwa Bosco ilisema huyu ni kifo, rusheni mawe.

Upande wa pili wako wale wa Florida. Huko Pinellas, mbwa mdogo mweupe aliletwa kwa kituo cha wanyama akiwa zambarau mwili mzima. Mwenyewe alikuwa amempaka rangi ya nywele ya binadamu. Macho yalikuwa yamevimba yakafunga, na walipomnyoa ngozi ilianza kutoka pamoja na manyoya. Walimwita Violet. Alipona, baada ya miezi mitatu ya dawa na bandeji. Nilisoma habari hiyo siku ya tatu ya vidonda vya Bosco, saa sita usiku, na sitasahau vile tumbo liliniuma. Rangi ya nywele ina vitu vya kufungua unywele kwa nguvu ndipo rangi iingie, amonia na peroksaidi na wenzao, na sisi wenye ngozi nene zaidi tunaambiwa kwenye paketi tujaribu kwanza kidogo nyuma ya sikio. Tena sisi hatujirambi.

Lakini swali la Kogo, kadiri nilivyolizungusha, likaanza kunitoka mikononi.

Kwanza, vifaranga. Kwa ajili yao, kweli? Wale vifaranga wanalindwa dhidi ya mwewe ili Desemba tuwale sisi. Kama kifaranga angepewa nafasi ya kupiga kura kati ya mwewe na Kogo, sijui angepiga vipi.

Pili, na hili ndilo gumu zaidi kuandika, masikio ya Bosco. Bosco hana masikio. Ana visiki. Alipokuwa mtoto wa wiki chache yalikatwa, kwa wembe, kwa sababu kwetu, na kwenu pia usijifanye, watu wanaamini mbwa aliyekatwa masikio anakuwa mkali na anasikia mwizi vizuri. Hakuna dawa ya ganzi. Mtu mmoja anashika, mwingine anakata, majivu yanapakwa, kwisha. Na mchana, siku zisizo za kuchuna, Bosco hufungwa mnyororo wa mita mbili karibu na zizi.

Nilimuuliza. "Kogo, na masikio tulimkata kwa ajili ya nani?"

Alinyamaza muda mrefu. Akasema ndivyo ilivyokuwa ikifanywa. Akasema pia kwamba mbwa anayelinda boma analishwa, na mbwa asiyelinda halishwi, kwa hiyo masikio yalikuwa kwa ajili ya boma na boma ni kwa ajili ya mbwa. Si jibu bovu. Ni jibu la mtu ambaye mbwa kwake ni mfanyakazi mwenza. Lakini hata yeye alisikia kwamba halikutosha, kwa sababu alisimama akaenda kuangalia moto ambao haukuwa na shida yoyote.

Basi nikajikuta mahali pa ajabu. Watu elfu kumi waligombana juu ya pinki ambayo itaota na kuisha, na hakuna hata mmoja, hata wale wa "nitakuripoti", aliyeandika neno moja kuhusu masikio ambayo hayataota tena, na yalikuwa pale pale kwenye video. Pinki ni ngeni, kwa hiyo tunaiona. Masikio tumezoea. Sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inataja kupiga, kupiga teke, kubebesha mzigo kupita kiasi, kutesa, hata kumtia mnyama hofu. Ukiisoma polepole ukiwa umeketi kwenye boma la kawaida la kijijini, au kwenye geti la kawaida la Nairobi ambapo mbwa hutoka kwenye kibanda usiku tu, utaanza kuangalia pembeni.

Kuna mtu atasema, na ameshasema chini ya video: watu hawana dawa hospitalini, bonasi ya chai ya Oktoba imekuwa kidogo, na wewe unalilia manyoya ya mbwa. Nimejaribu kuichukua hoja hii kwa uzito. Ingekuwa nzito kama wema kwa Bosco ungetoka kwenye bajeti ya hospitali. Lakini kutompaka rangi hakugharimu kitu. Kilichogharimu ni kumpaka: paketi ya rangi, dawa ya ngozi, nauli ya daktari wa mifugo, na kikapu cha majani kilichomwagika barabarani.

Kitu kilichonibadilisha hasa kilikuwa mfukoni mwangu wakati wote. Usiku mmoja niliitazama tena ile video, safari hii nikiwa nimezima sauti kwa sababu watoto walikuwa wamelala. Bila vicheko, ni video nyingine kabisa. Bosco anageuza kichwa pembeni. Anajiramba pua, mara moja, mara mbili, mara tano. Anapiga mwayo, na hana usingizi. Weupe wa macho unaonekana kwa upande. Mkia uko kati ya miguu. Mkufunzi wa mbwa kutoka Norway, Turid Rugaas, ameandika sana juu ya ishara kama hizi, kugeuza kichwa, kuramba pua, kupiga mwayo, ambazo mbwa huzitumia kusema tafadhali, punguza, sitaki vita. Kwa sekunde arobaini Bosco alisema hapana kwa njia zote alizokuwa nazo isipokuwa meno. Na njia moja kubwa ambayo mbwa hutumia, kulaza masikio nyuma, hakuwa nayo tena. Sisi wenyewe tulikuwa tumeikata.

Hakuuma. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amemshika shingo, uso kwa uso, na hakuuma. Tulichukua ule uvumilivu wake tukauita raha.

Hapo hoja yangu ya pinki ikaanguka, ingawa bado ni ya kweli. Nilikuwa nimeuliza mbwa anaona nini, wakati maisha yake hayako machoni. Yako puani. Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa katika Barnard College huko New York, alichapisha mwaka 2017 jaribio ambalo ni kama kioo cha harufu. Aliwapa mbwa mikebe: mmoja wenye mkojo wao wenyewe, mwingine wenye mkojo wao uliotiwa harufu ngeni. Walikaa kwenye ule uliobadilishwa kwa muda mrefu zaidi, kana kwamba wanauliza, huyu ni mimi, lakini kuna nini? Sasa fikiria Bosco usiku ule. Pinki hakuiona. Lakini kila alipogeuza pua kwenye mwili wake mwenyewe alikuta saluni. Ndiyo maana alijiviringisha kwenye nyasi. Alikuwa anajitafuta.

Sitaki kwenda mbali zaidi ya hapo. Kuna wanaosema kila rangi juu ya mnyama ni udhalilishaji, na sikubaliani nao. Mwaka 2008 huko Boulder, Colorado, mwenye saluni aliandikiwa tiketi ya faini ya dola elfu moja kwa kumpaka mbwa wake pinki kwa kampeni ya saratani ya matiti. Alisema alitumia maji ya bitruti. Mji ulikuwa na sheria iliyokataza kupaka wanyama rangi, na sheria haikuuliza ni bitruti au ni amonia. Mbwa aliyezoea kuogeshwa na kuchanwa tangu utotoni, anayeegemea mkono wa anayemchana, akipakwa kitu kisicho na harufu kali wala sumu, na akiruhusiwa kuondoka katikati ya kazi akitaka: huyo sioni amefanyiwa ubaya gani. Nairobi wapo, na saluni zao zipo. Bado nitauliza kwa nini unataka, lakini nitauliza kwa sauti ya chini.

Wala si kila udanganyifu wa rangi ni uovu. Mwaka 2009 bustani moja ya wanyama huko Gaza ilipaka punda wawili mistari ya punda milia, kwa rangi ya nywele, kwa sababu kuleta punda milia halisi kupitia mahandaki kulikuwa na bei isiyolipika. Watoto waliokuwa wameona vita walipata kuona punda milia. Hapo mimi sina mdomo wa kuwahukumu walinzi wale. Ningetaka tu kujua punda walilala vipi usiku ule. Zamani nisingeuliza.

Mwanafalsafa Kant, Mjerumani wa karne ya 18, aliwafundisha wanafunzi wake kwamba hatuna wajibu wa moja kwa moja kwa wanyama; tatizo la kumtesa mbwa ni kwamba unajifanya mgumu, na ugumu huo utahamia kwa watu. Huwa inaniudhi, kwa sababu inamfanya Bosco kiwanja cha mazoezi. Maumivu ya ngozi yake yalikuwa yake, hata kama mimi ningebaki mtu mzuri maisha yangu yote. Bentham, mwaka 1789, alisema vizuri zaidi kwamba cha kuuliza ni kama mnyama anaweza kuumia. Lakini kuna mahali Kant ananishika, nami nakubali kushikwa.

Yule kijana wa miaka tisa nilimkalisha nikamuonyesha video bila sauti. Nikamuuliza, unaona Bosco anataka? Akasema, "Lakini Senge, alitulia."

Alitulia. Nilisikia baridi mgongoni. Kwa sababu hiyo sentensi nimeshaisikia Nairobi, kutoka kwa wanaume wazima, na hawakuwa wakizungumzia mbwa. Nani alimfundisha kwamba aliyetulia amekubali? Siku ile nyuma ya jikoni, mimi. Nilikuwa mtu mzima pekee pale, na badala ya kusema muachilie nilisema geuza uso wake huku, mwanga ni mzuri.

Tukaanza upya, polepole. Daktari wa mifugo alisema tusijaribu kuitoa rangi kwa kitu kingine chochote kikali. Maji mengi na shampuu laini ya mbwa, dawa ya kupaka, na kitu cha shingoni cha kumzuia asijirambe, ambacho kilimfanya aonekane kama tarumbeta. Video niliifuta. Kila jioni watoto walilazimika kuketi kwenye nyasi mita tatu kutoka kwenye ghala na kungoja. Sheria ilikuwa moja: Bosco akija, unampangusa. Akiondoka, umemaliza, hata kama umepangusa mguu mmoja. Siku ya kwanza hakuja. Siku ya pili hakuja. Kijana alilia kwa hasira, akasema mbwa ana madharau. Siku ya nne alikuja akasimama karibu na msichana, akamnusa mkono, akaondoka, na yule mtoto akarudi ndani anatembea kama amepewa medali.

Niliporudi Agosti rangi ilikuwa imebaki ncha ya mkia tu. Kituoni watu bado humwita kwa jina jipya ambalo sitaliandika hapa. Mnyororo bado upo. Kogo na mimi tumeujadili kwa simu, kwa ana kwa ana, mbele ya mchungaji mara moja. Anasema mbwa asiyefungwa mchana atakula mayai ya jirani na jirani atampa sumu, na nikiangalia jirani, ana hoja. Tumefika mita tano, na kamba badala ya chuma. Mwezi wa Juni jike la jirani lilizaa, na Kogo amechukua mtoto mmoja, wa kahawia. Fundi wa masikio alikuja na wembe wake kama kawaida. Kogo alimpikia chai, akamuuliza habari za watoto wake, akamuuliza habari za mvua, akaendelea kumwongezea chai hadi giza likaingia na yule mzee akaenda nyumbani bila kufanya kazi.

Amesema atarudi wiki ijayo.